Kosa la Kiwandani au Jeraha la Mfukoni? Kuisoma Heller 20 ya Tabora

Ndugu zangu, karibuni. Najua wengi mmekuja na sarafu mfukoni, mnataka niwaambie kama ina kosa na kosa hilo ni shilingi ngapi. Bei ngojeni kidogo. Kwanza zoeeni kujiuliza: hiki ninachokiona kilitokea sarafu ikiwa bado mashineni, au baada ya kutoka?

Nimeleta makusudi heller 20 ya Tabora ya 1916, sarafu ndogo ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, maana ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Vita vya Kwanza vya Dunia vimepamba moto, manowari za Uingereza zimeziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki. Wajerumani wakaanza kugonga za kwao kwenye karakana ya reli huko Tabora, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, maganda ya risasi yakiwemo. Zilitoka zaidi ya milioni moja kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huohuo. Kwa haraka ile, unene haulingani, maandishi yamefifia upande mmoja, na ukingo haujanyooka. Aliyezoea sarafu za Berlin akiiona tu anaruka: kosa! Hapana bwana. Kwa Tabora hiyo ni kawaida.

Halafu kuna suala la mihuri, vile vyuma viwili vilivyochongwa ambavyo kipande cha shaba hugongwa katikati yake. Upande wa mwaka, zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Geuza. Tazama L mbili za neno HELLER. Kuna zenye ncha zilizochongoka, kuna ambazo L ya pili tu imejikunja ncha, na kuna zilizojikunja zote mbili. Wakusanyaji huzitafuta zote, na wana haki, lakini hapo hakuna aliyekosea. Ni mihuri tofauti tu. Ukiuziwa "kosa la L", umepigwa.

Sasa toeni lenzi. Mstari unaokatiza juu ya taji: umeinuka au umezama? Ukiwa umeinuka, muhuri ulipata ufa na shaba ikajipenyeza humo, kwa hiyo sarafu zilizofuata za muhuri uleule nazo zitakuwa na mstari palepale. Ukiwa umezama, mara nyingi huo ni mkwaruzo wa msumari, au wa miaka mia na zaidi ya kugongana na wenzake. Jambo dogo hili peke yake linamaliza nusu ya ubishi wetu.

Pigo lililokwenda kando huacha ukanda mtupu kama mwezi mwandamo. Usishangilie bado. Pande zote mbili hugongwa kwa pigo moja, kwa hiyo upande wa pili nao lazima upungukiwe mahali hapohapo. Ukikuta upungufu upande mmoja tu, huenda muhuri mmoja ulikaa kando, au mtu ametumia tupa.

Sarafu iliyomegeka nusu duara pembeni ina siri yake: kwenye kosa la kweli, ukingo ulio mkabala na pengo huwa hafifu, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kusukumana nacho. Kipimo hiki ni kizuri kwa sarafu za viwanda vikubwa. Kwa Tabora, na kingo zake zile, mimi sikitegemei.

Wenye senti 10 za tundu za Afrika Mashariki ya Waingereza, tundu lililokaa kando linaweza kuwa kosa halisi. Lakini tundu la pili karibu na ukingo, lililokata herufi, huyo ni sonara au mama aliyetaka mkufu.

Haya, bei. Kosa la kweli kwenye sarafu iliyochakaa huweza kushindwa na sarafu safi isiyo na kosa lolote. Na aliyeisugua yake kwa majivu na ndimu ing'ae, ameshaipunguzia thamani mwenyewe.

Nazipitisha sasa. Zishikeni ukingoni, vidole visiguse uso. Hiyo ya tatu ina mstari chini ya mwaka. Atakayeona umeinuka au umezama anyooshe mkono, na atuambie kwa nini.