Mwani Unaoshikamanisha Mwamba

Waheshimiwa, mabibi na mabwana,

Hapa Zanzibar, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, mtu akisikia mwani hufikiria kitu laini kinachofungwa kwenye kamba na kuanikwa juani. Mwani ninaouzungumzia leo ni wa ukoo huohuo mpana wa mwani mwekundu, lakini ni mgumu kama jiwe, kwa kuwa hujaza chokaa katika kuta za seli zake. Na wengi wetu tumekwisha kuukanyaga pasipo kujua kuwa u hai.

Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, tembeeni mpaka ukingo wa mwamba, pale mawimbi yanapopasukia. Mtaona juu ya mawe utando wa rangi ya waridi au zambarau, usiobanduka kwa ukucha. Kipande chake kikisagwa na kudondoshewa maji ya ndimu hutoa mapovu, na hiyo ndiyo chokaa yenyewe. Si ajabu kwamba mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga viumbe katika mafungu, aliuweka mwani wa aina hii katika fungu moja na wanyama.

Sifa za kujenga mwamba hupewa matumbawe, na ni haki yao. Hata hivyo, tumbawe likivunjika, vipande vyake vingeendelea kusukumwa na mawimbi hadi visagike, kama utando huu usingeota juu yake, ukaziba nyufa na kuvishikamanisha.

Kazi yake ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni kuwapokea watoto wa matumbawe. Kiluwiluwi cha tumbawe huelea majini kikitafuta makao, wala hakitui popote tu. Hugusagusa mawe mpaka kikutane na kemikali zitokazo kwenye baadhi ya aina za utando huu, au kwa bakteria wanaoishi juu yake, ndipo hujibandika, hubadilika umbo na kuanza kujenga. Nasema baadhi kwa makusudi, maana zipo aina nyingine zinazojivua tabaka la juu na kumwondoa mgeni pamoja nalo. Utando wenyewe nao unawahitaji pono na samaki wengine walao mwani, kwani wakivuliwa hadi kwisha, mwani laini huufunika na kuunyima mwanga.

Lipo jambo la kutia wasiwasi. Chokaa ya mwani huu ina madini mengi ya magnesi, hivyo huyeyuka kwa urahisi kuliko chokaa ya matumbawe pale bahari inapofyonza hewa ya ukaa na kuzidi kuwa na asidi. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaopima hali ya miamba yetu wasiishie kuhesabu matumbawe hai. Utando huu uandikwe katika safu yake peke yake, wala usihesabiwe kuwa jiwe tupu.