Herufi Tatu Baada ya Kidato cha Nne

Shikamooni wazazi wangu. Na nyinyi wanangu mliomaliza kidato cha nne, poleni na mtihani na hongereni kwa matokeo.

Nimeombwa nizungumzie tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, nyinyi mnaita kombi. Naomba tuianzie mwisho, yaani mlangoni pa chuo kikuu, kwa sababu huko ndiko zile herufi tatu zinakokwenda kupimwa. PCB ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, PCM ya Fizikia, Kemia na Hisabati, EGM ya Uchumi, Jiografia na Hisabati, HGL ya Historia, Jiografia na Kiingereza: kila moja ni ahadi kwamba miaka miwili ijayo, mwezi Mei, utakaa mbele ya Baraza la Mitihani na kujibu maswali ya masomo hayo matatu. Chuo hakitakuuliza ulitamani kuwa nani. Kitaangalia prinsipo, yaani masomo hayo makuu uliyofaulu kwa A hadi E.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kuingia digrii moja kwa moja kutoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, tena katika masomo ambayo digrii yenyewe inayataka. Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto akipata E tatu, Baraza linampa daraja la tatu. Nyumbani kuku anachinjwa. Lakini E zake mbili zilizo bora ni pointi 2 tu, na mlango wa digrii haufunguki.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma wakati binti mmoja mwenye A ya Jiografia na B ya Historia na ya Kiingereza aliponiletea fomu yake. Fizikia, Kemia na Baiolojia alikuwa na C. Baba yake alitaka daktari. Mimi nikaona C tatu zipo, anaruhusiwa, nikamwambia ajaze PCB. Alirudi na E tatu. Baadaye alizunguka kwa njia ya stashahada, akafika, lakini kwa miaka ambayo haikuwa lazima aipoteze. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo limenileta hapa.

Kosa langu lilikuwa kuiamini ile C. Kidato cha nne C inaanzia 45 hadi 64. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wanaandikiwa herufi ileile, na Baraza halikuonyeshi alama. Kidato cha sita ngazi zinabana: C inaanzia 60, D 50, E 40. Ile 46 yako, hata ungebaki na uwezo uleule kwenye masomo magumu zaidi, kule ni E. Kwa hiyo mwanangu, toa karatasi zako za mock na za mitihani ya mkoa. Tazama namba, herufi iache kwanza. Kama Fizikia miaka minne ilikuwa ikicheza kwenye 45, nakusihi usiibebe kwenda kidato cha tano kwa ajili ya jina la PCB.

Anayetaka kweli udaktari hana njia ya mkato, Fizikia, Kemia na Baiolojia zinatakiwa zote tatu. Uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya juu, kwa hiyo PCM, au PGM yenye Jiografia badala ya Kemia. Ila naona EGM inadharauliwa bure: Uchumi, Jiografia na Hisabati vinamfikisha mtoto kwenye takwimu, uhasibu, uchumi na mipango, na ile Hisabati inaheshimiwa karibu kila mahali. HGL, na HKL yenye Kiswahili badala ya Jiografia, nazo zinaelekea kwenye sheria, ualimu na uandishi wa habari. Si kombi za walioshindwa, naomba neno hilo lisitamkwe tena nyumbani.

Mnaokwenda PCB, au CBG ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, mtasoma pia BAM, ile Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na cha sita. Wengi huiachia kwa vile si prinsipo, kisha wanakuta digrii waliyoipenda inadai ufaulu wa BAM kwa asiyesoma Hisabati ya juu. Zipo hata digrii zinazorudi kuuliza Hisabati au Kiingereza cha kidato cha nne.

Kuhusu tahasusi mpya, mwaka 2024 Serikali iliongeza 49 juu ya 16 za zamani, zikawa 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Nimezifurahia. Lakini kabla ya kuchagua, uliza mambo mawili: shule gani inaifundisha, na ni digrii zipi zinazoitaja kwenye mwongozo wa udahili wa TCU. Mwongozo hutoka kila mwaka na masharti hubadilika, usitegemee ule aliousoma kaka yako.

Dirisha la kubadili machaguo kwenye Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagulia tahasusi, likifunguliwa, mzazi akae na mtoto, na namba ya siri abaki nayo mtoto mwenyewe. Nimeona fomu zikibadilishwa usiku na mjomba.

Nina mwongozo hapa mezani. Yule kijana wa nyuma aliyeuliza habari za ufamasia asogee, tuufungue pamoja.