Presha Inaanzia Jikoni

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wote. Nimepewa nusu saa, na kwa harufu ya pilau inayotoka huko nyuma, sitathubutu kuizidisha.

Nianze na mama uliyekaa mbele hapa. Shikamoo mama. Shika kijiko hiki cha chai na bakuli hili la chumvi. Unapika maharage ya watu watano. Tia chumvi kama unavyotia kwako, usinionee haya. Kimoja... viwili... vitatu, na vyote vimejaa mlima. Ahsante mama. Wengine wangetia nusu kijiko kwa kuwa watu wanatazama.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha. Cha mlima hukaribia viwili. Basi hapa tuna kama vijiko sita kwa watu watano: kila mmoja kamaliza chumvi yake ya siku nzima kwenye maharage tu. Hatujagusa mkate wa asubuhi, wala kile kidonge cha mchuzi kilichovunjwa sufuriani, wala ng'onda wa jioni. Chumvi ikizidi mwilini, mwili unazuia maji ili kuizimua. Damu inaongezeka, na moyo unalazimika kuisukuma kwenye mishipa ileile: hapo ndipo presha inapopanda.

Wazee wangu huniambia, "Mwanangu, presha ni ya ukoo wetu." Ukoo una sehemu yake, sikatai. Lakini kuna utafiti uliotolewa mwaka 1990 kuhusu Waluo waliotoka vijijini kandokando ya Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Ukoo uleule, damu ileile, na bado baada ya muda mfupi tu presha za waliohamia mjini zilikuwa juu. Walipopimwa mkojo, chumvi ilikuwa imepanda na potasiamu, madini tunayoyapata kwenye chakula, imeshuka. Babu hakubadilika. Kilichobadilika ni sahani.

Hiyo potasiamu inausaidia mwili kuitoa chumvi kwenye mkojo, nayo haiuzwi kwenye chupa za bei mbaya. Imo kwenye mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu, maji ya dafu. Ila mwenye ugonjwa wa figo asiikimbilie kabla ya kumwuliza daktari.

Nyumbani kwangu tulipunguza chumvi kidogo kidogo, tukaongeza ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Wiki ya kwanza watoto walinuna. Baada ya mwezi hivi, chipsi za barabarani ndizo zikawaunguza ulimi. Ulimi unafundishika, tatizo ni sisi tunaochukua kichupa cha chumvi mezani kabla hata ya kuonja.

Mengine mnayajua: sigara, pombe, kitambi. Kutembea nitasema kidogo. Nusu saa, siku tano za wiki, mwendo wa mtu anayewahi daladala: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kutoka sebuleni kwenda kwenye friji hakuhesabiki.

Na ninyi mnaotumia dawa, nisikilizeni vizuri. Msiende leo mkavitupa vidonge mkasema mhadhiri kasema mchicha. Presha haina king'ora. Mtu anaweza kuwa na presha ya 180 kwa 110, iliyo juu sana, na anacheka na watu barazani. Dozi hupunguzwa na daktari, tena baada ya vipimo.

Meza ya kupimia iko pale mlangoni. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza. Aliyetoka kunywa kahawa sasa hivi asubiri nusu saa. Na mashine ikianza kubana, tafadhali, nyamazeni: hadithi za harusi ya jana zitapandisha namba bure. Mama wa chumvi, wewe utangulie.