Pini kwenye Kola: Mazungumzo juu ya Elizabeth Catlett

Asanteni. Mlioko nyuma mnaiona picha? Sogeeni, viti vipo.

Huyu ni bibi mkulima wa kusini mwa Marekani, mmoja wa wale waliolima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Kofia ndiyo inayovuta jicho, lakini mimi nataka mtazame kolani. Koti limefungwa kwa pini. Kwetu Mombasa tungesema kikwasi. Msanii mweusi Elizabeth Catlett aliichonga picha hii mwaka 1952, na hakukificha kikwasi wala hakukionea huruma.

Alizaliwa Washington mwaka 1915, babu na bibi zake wakiwa wamezaliwa utumwani. Chuo kimoja cha Pittsburgh kilimkataa kwa rangi yake, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, kisha cha Iowa. Huko Iowa darasani alipokelewa, bwenini, hapana. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimwambia ashughulike na kile anachokijua zaidi. Alichokijua ni wanawake weusi.

Alipokuwa akifundisha New Orleans, jumba la sanaa lilikuwa ndani ya bustani ambayo mtu mweusi haruhusiwi kuikanyaga. Basi Catlett akapanga usafiri, gari likawashusha wanafunzi mlangoni kabisa. Wakaziona kazi za mchoraji Picasso bila kukanyaga majani ya mtu!

Mwaka 1946 akaenda Mexico, akajiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana ya wachapaji wa picha. Pale walichonga lino, lile tandiko la sakafu mnalolijua. Kila mstari mweupe mnaouona usoni mwa bibi huyu ni mahali patasi ilipopita. Weusi ni kile alichokiacha, kikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Kibao kimoja hutoa nakala nyingi kwa bei nafuu, zikabandikwa hata ukutani kwa mfanyakazi. Kwangu mimi, hapo ndipo siasa yake ilipo, kabla hata ya zile ngumi za kudai haki za weusi.

Ngumi pia alizichonga. Ile ya mwaka 1968 ni ya mti wa mwerezi. Ukizunguka nyuma yake unakuta nyuso mbili zimetulia.

Alikwisha chukua uraia wa Mexico mwaka 1962, na Marekani ikamnyima viza. Mwaka 1970 wasanii weusi walikutana Evanston, Illinois, wakamtaka azungumze nao. Akazungumza kwa simu, ukumbi mzima ukisikiliza sauti ya mtu aliyezuiwa kurudi alikozaliwa. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kuingia, kwa ajili ya maonyesho yake Harlem, New York.

Nimekuja na kipande cha lino na patasi. Pitisheni taratibu, ina makali.