Hofu ya Saa Kumi Alfajiri

(Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga, kwa waendesha bodaboda na familia zao)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Nianze na mvuvi mmoja wa Deep Sea, pale wanaposhusha samaki hapa Tanga. Nilikuwa zamu ya usiku, akaingia ameubana mkono kifuani, jasho linamchuruzika, mama yake nyuma. "Sista, nakufa." Moyo mbio, vidole vina ganzi, pumzi haishuki. Tukampima: kipimo cha moyo safi, malaria hana. Baada ya nusu saa ametulia, anaona haya. Wiki iliyofuata akarudi, kisha akarudi tena. Nyumbani walishaambiwa ana jini la baharini.

Safari ya tatu nikafungua daftari. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Saa kumi na nusu. Saa kumi kasoro robo. Na mbele ya kila jina lake tumeandika: hanywi. Ndivyo alivyotuambia, mama yake akiwa kasimama pale pale. Nikamwomba mama atupishe. Kijana akatazama sakafu, akasema: "Nikiuza samaki nakunywa chupa nne. Naanza saa mbili usiku."

Ile hali inaitwa shambulio la hofu. Mwili unapiga kengele ya hatari na hatari yenyewe haipo. Hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Lenyewe haliui, lakini anayelipitia anaapa anakufa, nami simlaumu.

Pombe inaingiaje hapo? Nyie wa bodaboda mtanielewa upesi. Ubongo una breki na una mafuta. Breki ni kemikali iitwayo GABA, mafuta ni glutameti. Pombe hukanyaga breki, ndiyo maana chupa ya kwanza inalegeza mabega na mawazo yanakaa mbali. Ubongo nao haukubali kuzimwa, unazidisha mafuta ili mambo yaende. Pombe ikipungua mwilini, breki imeachiwa na mafuta bado yamefunguliwa. Injini inalia! Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unakatika.

Sasa pigeni hesabu ya yule kijana. Bia ya nusu lita, ini huchukua kama saa mbili kuimaliza. Chupa nne ni saa nane. Anza saa mbili usiku, utafika saa kumi alfajiri. Jini gani linalofuata saa hivyo?

Na wa mnazi msijitoe. Tembo la asubuhi ni tamu, likishinda hadi jioni limekuwa kali, na anayekunywa kwa kata hajui amefikisha kiasi gani.

Linaloniumiza zaidi ni kuzimua. Mtu anaamka na hofu, anapiga funda mbili, hofu inashuka, anasema nimepata dawa. Amekanyaga breki tena tu. Jioni deni linadaiwa na riba. Wapo walioanza kunywa kwa sababu ya wasiwasi waliokuwa nao tangu awali, na hao ndio wanaonasa haraka, kwa kuwa kweli chupa iliwasaidia kwa saa moja au mbili.

Hapa naomba mnisikilize sana. Anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, asiache ghafla peke yake nyumbani. Arosto ya pombe inaua. Huanza saa sita hadi ishirini na nne baada ya tone la mwisho. Degedege laweza kumpata ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Mpelekeni hospitali. Kuna dawa ya kutuliza, diazepamu, inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1.

Mama pale nyuma ameuliza: hali ikimjia mume wangu usiku, nifanye nini? Mkalishe. Shusha naye pumzi, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, mhesabie polepole. Kama ni mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yanashuka mkononi, usibahatishe, tafuta bodaboda mwende. Na kukikucha, akishatulia, muulize jana alikunywa nini na aliacha saa ngapi. Muulize mkiwa wawili tu.