Samaki wa Bahari Akifika Dodoma, Usimcheleweshe Kwenye Ndoo

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni. Nafurahi kuona baadhi yenu mmekuja na watoto, maana nyumbani anayegundua kwanza kwamba samaki anaumwa mara nyingi ni mtoto.

Nianze na kifo cha kangaja, yule samaki wa miamba ya bahari. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kangaja kutoka Dar es Salaam. Mfuko wake ulifungwa alfajiri, ukapakiwa kwenye basi, ukanifikia hapa alasiri. Nilifanya kama nilivyoelekezwa na kila niliyemuuliza. Nikammimina kwenye ndoo pamoja na maji aliyokuja nayo, nikachukua mrija mwembamba, nikaupiga fundo, maji ya akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, yakawa yanamdondokea tone kwa tone kwa saa mbili. Kichwani nilikuwa na ule usemi wetu wa haraka haraka haina baraka. Alipoingia kwenye ndoo alikuwa anaogelea vizuri. Nusu saa baadaye alikuwa anahema kwa nguvu, mashavu yakifunguka na kufunga bila kupumzika. Asubuhi nilimkuta ameanguka chini ya tangi.

Safari ya kilomita 450 aliimaliza akiwa hai. Kilichomuua ni ile ndoo, na ningependa jioni hii mwelewe kwa nini.

Samaki ndani ya mfuko uliofungwa anafanya mambo mawili. Anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na anatoa amonia, uchafu wenye sumu, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua. Kaboni dayoksaidi ikijaa, maji yanachachuka, yaani pH, kipimo cha uchachu, inashuka. Maji ya bahari yana pH ya 8.2 hivi, lakini ndani ya mfuko wa saa nyingi yanaweza kushuka hadi 7 au chini ya hapo. Na hapo ndipo penye rehema yake: katika maji yaliyochachuka, karibu amonia yote inageuka kuwa amoniamu, ambayo haimdhuru sana. Samaki anasafiri katika uchafu wake, na uchafu huo umefungwa makali.

Sasa wewe unafungua mfuko. Kaboni dayoksaidi inatoroka. Unadondoshea maji ya akwariamu yenye pH ya juu. pH inapanda, na kila inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka karibu mara 10. Tone kwa tone unamchoma matamvua huku ukidhani unambembeleza. Kwa samaki aliyekaa kwenye mfuko kwa saa nane, subira yote inatakiwa kabla mfuko haujafunguliwa. Ukishafunguliwa, ni dakika chache tu.

Subira hiyo inafanywaje? Kwa kupiga simu. Kabla samaki hajafungwa, muulize muuzaji chumvi ya maji yake inasoma ngapi. Bahari yenyewe ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji, na kwenye haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, inasoma karibu 1.025. Wauzaji wengi huweka chini ya hapo, 1.020 au hata 1.018. Samaki wa bahari damu yake ina kama theluthi moja tu ya chumvi iliyo nje, kwa hiyo bahari inamnyonya maji mchana na usiku. Anaishi kwa kunywa maji ya chumvi na kuisukuma chumvi nje kwa matamvua, na kazi hiyo inamla nguvu. Ukimpeleka kwenye chumvi ndogo kidogo, unampunguzia mzigo. Ukimpandisha ghafla kutoka 1.018 hadi 1.025, anakauka akiwa ndani ya maji. Ndiyo maana nasema tangi limfuate samaki. Muuzaji akisema 1.020, tangi la karantini, yaani tangi la pembeni la kumtenga mgeni, liwe 1.020 kabla basi halijafika Gairo. Baadaye utapandisha pole pole, 0.001 kwa siku, au 0.002 ikizidi sana.

Niliulizwa pale mlangoni kama chumvi ya jikoni inafaa kwa tangi. Hapana, mama yangu. Chumvi ya jikoni, iwe ya Uvinza au ya pwani, karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa akwariamu, uichanganye siku moja kabla, pampu ikizungusha. Na maji yetu ya visima ni magumu, kwa hiyo anayeweza kupata maji yaliyochujwa kwa mashine ya kuondoa madini asisite.

Sisi wa Dodoma tuna jambo letu ambalo mtu wa Tanga halimhusu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kama asilimia 12, na oksijeni inayoingia majini inapungua kwa kadiri hiyohiyo. Maji ya chumvi nayo kwa asili yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo tangi la mgeni liwe na pampu ya hewa yenye nguvu, tena inayoweza kutumia betri umeme ukikatika. Mwambieni pia muuzaji asiujaze mfuko hewa hadi ukakaza kama mpira. Ukipanda huku unatanuka, na mfuko uliokaza unaweza kupasuka njiani. Na usiku wa Juni na Julai, nyumba zetu zikishuka hadi nyuzi 14, bila hita hamna samaki wa miamba atakayebaki.

Sasa mfuko umefika. Zima taa. Uelee kwenye tangi la karantini ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Fungua, pima chumvi haraka. Kama tofauti haizidi 0.002, mchukue samaki kwa kikombe au kwa mkono uliolowa, umwachie. Maji ya mfuko yamwagwe nje, hata kijiko kimoja kisiingie tangini. Wenye kamba, konokono au viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, ninyi utaratibu wenu ni mwingine: hao hawawezi kurekebisha chumvi ya miili yao kama samaki, kwa hiyo wao ndio wanaohitaji matone, saa moja au mbili. Na samaki uliyemtoa duka la jirani nusu saa iliyopita, matone hayamdhuru, amonia haijapata muda wa kukusanyika.

Usiku wa kwanza usimlishe, taa zibaki zimezimwa, mpe kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Karantini iwe wiki nne hadi sita. Nasisitiza hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa vitone vyeupe. Kijidudu chake hukaa kwenye ngozi ya samaki siku chache, kikaanguka, kikajifunga chini ndani ya kifuko, na kutoka humo vinaibuka vipya mamia. Kikiingia kwenye tangi lako kubwa, utalazimika kuliacha bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili. Dawa ya shaba inakiua, lakini inaua pia kamba na matumbawe, kwa hiyo mahali pake ni karantini peke yake.

Wiki hizo zikiisha, na chumvi umeshaipandisha hadi ilingane na ya tangi kubwa, pima maji ya pande zote mbili mara ya mwisho. Siku hiyo hakuna mfuko wala ndoo. Unamchota, unamwachia.