Kivuli cha nyota za kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na haidrojeni, maana hadithi yote ya jioni hii inaanzia kwake.

Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, na kila moja ina mwelekeo wake wa kujizungusha. Elektroni ikipindua mwelekeo wake, atomu hutoa au hufyonza wimbi la redio la sentimita 21, yaani masafa ya megahezi 1420. Mholanzi Hendrik van de Hulst alilibashiri mwaka 1944, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Ewen na Purcell wa Harvard wakalinasa mwaka 1951. Atomu moja ikiachwa peke yake inaweza kungoja mamilioni ya miaka kabla ya kupinduka, lakini haidrojeni angani haina idadi.

Miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu wetu, ulimwengu ulipoa kiasi cha protoni na elektroni kushikana. Ikabaki gesi na giza, nyota hakuna hata moja. Zile za kwanza zilipowaka, miale yake ya urujuanimno iliigusa gesi hiyo baridi, nayo ikaanza kufyonza mnururisho wa kale uliosalia tangu Mlipuko Mkuu. Kwa hiyo hatuzitafuti nyota zenyewe. Tunatafuta upungufu mdogo katika mawimbi ya redio, kivuli chake tu.

Tangu hapo ulimwengu umetanuka, na wimbi nalo likavutika. Lililoondoka na sentimita 21 linatufikia likiwa na karibu mita 4, kwenye megahezi 80 hivi. Hapo ni jirani kabisa na FM mnayosikiliza ndani ya daladala! Ndiyo maana wataalamu wanaokitafuta kivuli hiki hukimbilia nyikani.

Judd Bowman na wenzake waliweka antena yenye ukubwa wa meza huko Murchison, Australia Magharibi, katika ardhi ya Wawajarri. Mradi wao unaitwa EDGES. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wameuona upungufu huo kwenye megahezi 78, ishara kwamba nyota zilikuwa zimeshawaka miaka milioni 180 baada ya Mlipuko Mkuu. Kina chake kilikuwa nusu kelvini, yaani nusu digrii ya joto, maana nguvu ya mawimbi haya hupimwa kama joto. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya maradufu ya kile ambacho nadharia ya kawaida inaruhusu. Mwanafizikia Rennan Barkana wa Tel Aviv akapendekeza kwamba huenda mata ya giza, ile isiyotoa mwanga wowote, ndiyo iliyoipoza gesi kupita ilivyodhaniwa, hivyo ikafyonza zaidi. Mnaweza kudhani magazeti yalivyofurahi.

Mimi ni mgumu wa kushawishika, na sababu yangu ni hii. Kwenye masafa hayo galaksi yetu yenyewe inanguruma kwa maelfu ya kelvini. Kutafuta nusu kelvini humo ni kama kusikiliza mnong'ono kando ya spika za taarabu. Kasoro yoyote ya antena, au mwangwi kutoka kwenye tabaka za udongo chini yake, inaweza kuchora kishimo kinachofanana na kile unachokitafuta. Anga unaweza kuisoma sawasawa ikiwa tu unakijua chombo chako kuliko unavyoijua anga yenyewe.

Wahindi wa Taasisi ya Raman, Bangalore, walilitatua tatizo la udongo kwa namna iliyonipendeza sana: antena yao, SARAS 3, waliiweka ielee ziwani huko Karnataka. Maji, tofauti na ardhi, hayana tabaka; yako sawa mpaka chini. Mwaka 2022 waliandika kwamba umbo lile la EDGES hawalioni, wakilikataa kwa uhakika wa asilimia 95.3. Hilo halisemi kwamba nyota za kwanza hazikuacha kivuli. Linasema kivuli kile, cha umbo lile, hakikutokea angani. Kwa maoni yangu Wahindi wana hoja nzito zaidi, ila ningependa chombo cha tatu kiamue.

Afrika nayo imo. Katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, kuna HERA, darubini ya redio yenye masinia 350 ya nyavu za waya, kila moja na upana wa mita 14. Hiyo haitafuti wastani wa anga nzima kama EDGES na SARAS 3. Inapima jinsi gesi inavyotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, na kasoro zake si zile za antena moja. Huko Murchison nako inajengwa darubini nyingine ya redio, SKA-Low, yenye antena 131,072.

Wapo pia wanaotaka kupeleka antena upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani, ambako Mwezi wenyewe huzuia FM zetu zote. China ilishatua huko mwaka 2019. Naona mzee pale nyuma ameshanyoosha mkono. Karibu, mzee wangu, uliza.